Fedha za Uchunguzi Zilipofika Matungulu

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara ya Kangundo hupita Ruai, Kamulu na Joska, kisha hufika Tala. Siku ya soko hukuta magunia ya mahindi na mbaazi, kuku waliofungwa miguu, maembe yakiwa ni msimu wake, na matatu zinazogombania abiria kwa kelele. Hataona kibao wala jiwe la kumbukumbu la kumwarifu kwamba nyumba zilizotapakaa katika vilima vya Matungulu, kandokando ya soko hili, zilipata kuchunguzwa moja baada ya moja kwa miaka mingi, na kwamba watoto waliokuwa wakicheza katika nyua zake waliingia katika kitabu kilichochapwa London mwaka wa 1984. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa baada ya kitabu kile na kufundisha hapa kwa zaidi ya miaka kumi, sikuwa na habari nacho. Nilikuja kukijua kwa sababu ya barua isiyonihusu.

Siku moja ya likizo alinijia binti niliyemfundisha katika darasa la nane, ambaye sasa yumo katika mwaka wake wa nne wa masomo ya udaktari. Alikuwa na bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na maombi yake ya fedha za uchunguzi, au utafiti kama wasemavyo wasomi wa siku hizi. Kurasa kumi na mbili zilizopigwa chapa vizuri. Ya pili ilikuwa na jibu la mfuko aliouomba. Jibu lilikuwa la mistari miwili, na mstari wa kwanza ulikuwa wa masikitiko.

“Mwalimu,” akasema, “nimekuja unisahihishie Kiingereza. Nadhani ndicho kilichoniangusha.”

Nilisoma kurasa zote kumi na mbili usiku ule. Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko changu. Aliomba shilingi milioni moja na laki mbili ili aiondoe sumukuvu, ile sumu iitwayo pia aflatoksini, katika mahindi ya Kaunti ya Machakos. Hakusema ataanza na nyumba ngapi. Hakusema atapima nini, wala atalinganisha nini na nini. Barua ya msimamizi wake haikuwamo. Na mfuko wenyewe, nilipousoma mwito wake kwa makini, ulisema katika ukurasa wa kwanza kabisa kwamba ulikuwa kwa ajili ya watu waliokwisha kupata shahada ya kwanza. Msichana alikuwa amepiga hodi kwenye nyumba ambayo kizingiti chake hakumruhusu kukivuka, naye hakusoma maandishi ya mlangoni kwa kuwa macho yake yalikuwa juu ya fedha.

Siwezi kumcheka. Hapa kwetu watu wanajua sana kuchangia elimu. Mtoto akiitwa chuo kikuu, wazee huitisha harambee, mbuzi huuzwa, na kanisa hutoa sahani. Lakini nani aliyepata kuchangia swali? Ada ina risiti, nayo humalizikia kwenye cheti. Swali halina risiti, na pengine jibu lake ni “hapana”. Ndiyo maana kijana wetu afikapo mahali pa kuomba fedha za kuuliza jambo, huomba kama aombavyo ada: hueleza shida yake kwa uchungu, kisha hungoja kuonewa huruma. Wenye mifuko hiyo hawatoi kwa huruma. Wana desturi yao, na desturi hiyo ina historia ndefu katika Afrika ya Mashariki, ingawa mwanafunzi wa Kiafrika hakuwamo mwanzoni mwake.

Mwaka wa 1936 wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulianzisha taasisi ya kuchunguza homa ya manjano huko Entebbe, Uganda. Homa hiyo iliogopwa sana na mataifa yenye meli na ndege, yasije yakaisafirisha hadi nchi nyingine. Swali, basi, lilikuwa la wenye fedha, na msitu ulikuwa wa Waganda. Katika kuitafuta homa hiyo wachunguzi walikipata, mwaka wa 1947, kirusi kingine katika damu ya kima waliyemweka ndani ya msitu wa Zika, na jina la msitu ule mdogo leo linajulikana hata Brazil. Mwaka wa 1940 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni, iliyotenga mpaka pauni 500,000 kila mwaka kwa ajili ya uchunguzi. Hizo zilikuwa fedha nyingi, na kamati za kuzigawanya zilikaa London. Shule ya udaktari ya Makerere ilikuwa imekwisha anza tangu mwaka wa 1924, lakini waliohitimu pale kwa miaka mingi waliajiriwa kuwa wasaidizi wa madaktari wa Kizungu. Hapana aliyetazamia kwamba msaidizi ataandika barua ya kuombea fedha swali lake mwenyewe.

Hata hivyo si uchunguzi wote wa siku zile uliokuwa wa fedha nyingi. Huko Mulago, Kampala, alikuwapo daktari wa upasuaji aliyeitwa Denis Burkitt. Mwaka wa 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, kisha muda si mrefu akamwona mwingine. Madaktari wengine walikuwa wameona uvimbe kama ule. Yeye aliuliza unapatikana wapi na wapi haupatikani. Alipata fedha kidogo za kuchapisha karatasi za maswali zenye picha, akazituma kwa posta katika hospitali nyingi za Afrika. Majibu aliyatia katika ramani kwa pini. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu la Ford, wakasafiri kwa majuma kumi, maili 10,000, kutoka hospitali hata hospitali, wakiuliza swali lile lile moja. Saratani ile leo huitwa kwa jina lake, na katika vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa ndege kutoka Kampala ndimo wachunguzi wa London walimoona, mwaka wa 1964, kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na uhusiano na saratani ya binadamu. Nilimsimulia binti habari hiyo, akanijibu kwa haki kabisa kwamba Burkitt alikuwa daktari wa serikali mwenye mshahara, na kwamba posta ya siku zile haikuwa ghali. Nilikubali. Lakini swali lake lilienea katika ukurasa mmoja wa karatasi.

Kesho yake tulikwenda nyumbani kwa nyanya yake, susu kama tuitavyo Ukambani, ng'ambo ya kijito. Tulikaa chini ya mwembe na karatasi zetu. Yule bibi alikuwa akichambua mbaazi. Alipoona tunaandika na kukata, kukata na kuandika, akauliza ni sensa gani tena hiyo.

“Si sensa, susu,” binti akamwambia. “Ni uchunguzi wa maradhi.”

“Basi mmechelewa,” akasema bibi. “Walikwisha fanya hapa nilipokuwa nikimnyonyesha mama yako. Kila baada ya majuma mawili wanakuja. Vijana wa hapa hapa, wana madaftari. Nani amezaliwa? Nani amehama? Mtoto gani anakohoa, mtoto gani ana surua? Ukificha kifo wanakijua. Mimi niliwaambia yote. Kisha wakaacha kuja.”

Binti alinitazama. Alikuwa amekaa miaka minne katika chuo cha udaktari, na jambo hilo alikuwa akilisikia kwa susu wake, chini ya mwembe.

Ilinichukua miezi kadhaa kuifuatia habari ile, kwa barua na kwa hisani ya marafiki wenye maktaba. Bibi hakukosea. Katika miaka ya 1960 Taasisi ya Kifalme ya Nchi za Tropiki ya Amsterdam, Uholanzi, ilikuwa na tawi lake Nairobi, lililoitwa Kituo cha Uchunguzi wa Tiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kituo hicho, pamoja na wataalamu wa Kenya, kiliazimia kufanya kazi ambayo wakati huo ilikuwa imefanywa mahali pachache sana katika Afrika: kuwafuata watu wote wa nchi moja ya mashambani, wazima na wagonjwa, si wale tu wafikao hospitali. Walichagua sehemu za lokesheni za Matungulu na Mbiuni, zenye watu zaidi ya elfu ishirini. Fedha zilitoka Uholanzi. Hapana shaka ukaribu wetu na Nairobi ulifaa. Gari liliweza kwenda na kurudi siku ile ile.

Fikiria, msomaji, ugumu wa jambo hilo. Daktari akaaye hospitali humwona mtoto wa surua aliyezidiwa. Hawaoni wale kumi waliopona nyumbani, wala yule aliyefia njiani. Akitaka kujua surua inaua watoto wangapi katika kila mia waipatao, hesabu ya hospitali itamdanganya, kwa sababu wafikao ni wale waliozidiwa. Dawa ya udanganyifu huo ni moja tu, nayo ni kubisha hodi katika kila nyumba, tena na tena, hata pasipo mgonjwa. Ndivyo walivyofanya vijana wa madaftari tangu mwaka wa 1973. Waliandika uzazi, vifo na uhamaji. Waliandika surua, kifaduro na kuhara. Waliwauliza akina mama walijifungulia wapi na nani aliwazalisha, na kwa njia hiyo kazi ya wakunga wa jadi, ambayo ofisi nyingi hazikuwa na tarakimu zake, ikapata kuonekana katika majedwali. Mambo haya yaliendelea mpaka mwaka wa 1981, na mwaka wa 1984 J. K. van Ginneken na A. S. Muller wakayahariri katika kitabu kimoja kikubwa kuhusu afya ya mama na mtoto katika mashamba ya Kenya.

Kazi ya namna hiyo ilikuwa na faida iliyokwenda mbali. Moja ya mafumbo ya siku zile lilikuwa umri wa kumchanja mtoto asipate surua. Mtoto mchanga huwa na kinga aliyorithi kwa mama, na kinga hiyo huiharibu chanjo. Ukimchanja mapema mno, chanjo hupotea bure. Ukingoja mno, surua yenyewe humtangulia daktari. Mwaka wa 1977 Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Afya Duniani zilitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya jambo hili kwa watoto wa Kenya. Leo kila mama wa Tala anajua kwamba chanjo ya kwanza ya surua ni miezi 9. Anaijua tarakimu hiyo kama anavyojua jina la mtoto wake, wala hajui kwamba ilitafutwa kwa damu ya watoto wa nchi hii.

Lakini lipo jambo moja katika historia hiyo ambalo halinipendezi, nami sitalificha. Bibi yule alifungua mlango wake kila baada ya majuma mawili. Wakati wake, na wakati wa majirani zake elfu kadhaa, haukuandikwa katika makisio yoyote ya gharama, ingawa bila wakati huo fedha za Uholanzi zisingenunua hata ukurasa mmoja. Sisi Wakamba tunayo desturi ya mwethya, watu kukusanyika kumlimia mwenzao au kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Katika mwethya kila mtu huona tuta likimalizika, na mwaka wa pili huona mahindi yamesimama juu yake. Katika mwethya huu wa surua, waliochimba hawakuonyeshwa tuta. Nilipomweleza bibi kwamba majibu yake yalikuwa kitabu, aliuliza kina bei gani, kisha akauliza kimeandikwa kwa lugha gani.

Habari za Matungulu hazikuishia mwaka wa 1984, na hapa ndipo mwanafunzi asiye na fedha apaswapo kutega sikio. Mwaka wa 1990 Peter Aaby, mchunguzi kutoka Denmark, pamoja na J. Leeuwenburg, walichapisha makala juu ya surua ya Machakos. Hawakuajiri vijana wa madaftari, wala hawakubisha hodi katika nyumba yoyote. Walizisoma upya hesabu zile za zamani kwa swali jipya: je, mtoto aliyeambukizwa surua na ndugu yake ndani ya nyumba huugua sawasawa na yule aliyeitoa nje? Waliona kwamba yule wa ndani ya nyumba, aliyekaa karibu na mgonjwa mchana na usiku, alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Hesabu zilikuwa zimekaa kimya kwa muda wote ule, na jibu limo ndani yake. Uchunguzi wa namna hii hauhitaji gari wala maabara. Unahitaji ruhusa ya wenye hesabu, mwalimu ajuaye takwimu, na subira. Hospitali zetu zimejaa daftari za namna hiyo, nyingine zikiliwa na mchwa, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuanza nazo kabla hajaandika barua hata moja ya kuomba senti.

Serikali zetu nazo hazikulala. Kenya ilipata shule yake ya udaktari katika Nairobi mwaka wa 1967. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vyombo vya uchunguzi vya pamoja, ilivunjika mwaka wa 1977, na miaka miwili baadaye Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI. Mwaka wa 2013 ilitungwa sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Sheria hiyo iliunda mfuko wa taifa wa utafiti, ikaunda tume, NACOSTI, ya kutoa leseni kwa kila mchunguzi, ikasema pia kwamba asilimia 2 ya pato la taifa itolewe kila mwaka kwa kazi hiyo. Asilimia hiyo haijapata kufikiwa. Kwa hiyo wengi wamezoea kutazama ng'ambo, na ng'ambo nako kunabadilika. Katika mwaka wa 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na taasisi zake za afya, NIH, zikausimamisha mtindo wa zamani wa kupitisha fedha kwa washirika walio nchi za nje. Watu wengi katika maabara za Afrika walijifunza kwa juma moja kwamba swali linalolishwa na mkono mmoja hufa njaa mkono huo ukiondolewa.

Turudi kwenye mahindi. Binti alikuwa na sababu njema ya kuyachagua. Mwaka wa 1981, katika Makueni, iliyokuwa wakati huo sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 waliingia hospitali wakiwa na manjano ya ini baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 12 kati yao walikufa. Mwaka wa 2004 msiba ulirudi kwa nguvu zaidi, katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika: wagonjwa 317, na vifo 125. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu inayoota juu ya nafaka iliyowekwa kabla ya kukauka. Haina harufu ya kumwonya mpishi. Wachunguzi wa mwaka ule, wa Kenya na wa Marekani, hawakujaribu kuitibu nchi yote. Waliwachukua wagonjwa 40 na watu wazima wa afya 80, wakawalinganisha. Wakaona kwamba waliougua walikuwa wameyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba wanamolala, badala ya kuyaweka ghalani. Kisa chenyewe kinaeleweka. Mwaka wa njaa mtu hulala na mahindi yake, asije akaibiwa.

Kisha mwaka wa 2008 wachunguzi wa Kenya walichapisha makala juu ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa. Walionyesha kwamba kukoboa hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa nyingi imo katika ganda na kiini. Walifanya hivyo katika maabara. Nilipomsomea binti makala ile alinyamaza kidogo, kisha akasema polepole, “Mwalimu, hapa Tala susu anakoboa kwa kinu. Jirani yake anapeleka kwa mashine. Je, inapungua sawasawa?”

Hapo ndipo nilipojua kwamba maombi ya pili yatakuwa tofauti. Yalikuwa ya kurasa nne. Nyumba thelathini katika Matungulu. Kutoka katika kila nyumba, mahindi ya aina moja kabla ya kukobolewa na baada ya kukobolewa. Sampuli sitini kwa jumla. Nyumba kumi na tano zenye kutumia kinu na kumi na tano zenye kutumia mashine. Kipimo cha sumu kingelinganishwa na kiwango cha juu kiruhusiwacho Kenya, yaani sehemu 10 katika kila bilioni moja. Tuliuliza bei ya kupima sampuli moja kabla ya kuandika makisio, jambo ambalo mara ya kwanza halikufanyika. Msimamizi alisoma rasimu, akaikata vibaya, akaandika barua ya kuiunga mkono. Mifuko mikubwa tuliiacha, na maombi yakaelekezwa kwenye fungu dogo ambalo chuo chake mwenyewe huwatengea wanafunzi, na ambalo alikuwa akilipita kwenye ubao wa matangazo tangu mwaka wa kwanza.

Iliyobaki ilikuwa kamati ya maadili, na hapa nakiri kwamba nilidhani ni kazi ya mihuri tu. Kamati hiyo husoma kila uchunguzi unaowahusu watu, isije historia ya kuwatumia wanyonge ikarudiwa. Fomu yake ina maswali mengi, na moja lilitukwamisha siku mbili: mchunguzi akikuta hatari katika nyumba ya mtu, atafanya nini? Binti aliandika kwamba atamjulisha mwenye nyumba na kumshauri asiyale mahindi hayo. Sentensi ilikuwa nzuri, nami niliipitisha. Jioni alimsomea susu wake kwa Kikamba.

Bibi aliweka chini ungo wake. “Ukikuta sumu katika ghala langu,” akasema, “utaniambia nisile. Haya. Nitakula nini?”

Binti hakuwa na jibu.

“Na makapi je? Sisi makapi tunawapa kuku. Umesema sumu imo katika makapi. Mayai ya kuku hao utayala?”

Nimehudhuria semina nyingi za walimu, na sijasikia maombi yakichunguzwa vizuri kuliko vile. Usiku ule mistari miwili iliongezwa. Wa kwanza ulikuwa swali jipya katika orodha ya kuulizia kila nyumba, juu ya wapi makapi yanakwenda. Wa pili uliingia katika makisio ya gharama, kati ya nauli na bei ya maabara: mahindi safi ya kubadilisha yale yatakayopatikana na sumu, gunia moja moja, kwa nyumba zisizozidi sita. Msimamizi aliuzungushia mstari ule wino mwekundu, akaandika pembeni kwamba hajapata kuuona katika makisio ya mwanafunzi yeyote. Hakuufuta.

Kamati ilikubali baada ya kuurudisha mara moja. Fungu la chuo lilitoa kiasi kinachopungua nusu ya kile alichoomba, kama yafanyavyo mafungu mengi. Ilimpasa apunguze. Nyumba zikawa ishirini, sampuli arobaini. Karatasi za maswali tulizinakilisha kwa mashine ya shule, kwa idhini ya mwalimu mkuu, nami nikalipia wino. Nilimshauri aondoe mahindi ya kubadilisha, kwa kuwa ndiyo yaliyokula fedha nyingi kuliko kitu kingine baada ya maabara. Alikataa, akaondoa nauli yake mwenyewe. Matungulu, alisema, anaweza kuizunguka kwa miguu, na vijana wa madaftari waliizunguka kwa miaka minane.

Likizo iliyopita nilimkuta penye ghala la susu wake, amepiga magoti juu ya gunia, akipima mahindi kwa mizani aliyoazimwa na mwenye duka la sokoni. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake akihesabu vikombe kwa sauti. Juu ya daftari, chini ya tarehe, palikuwa na nafasi ya jina la nyumba na nafasi ya saini, na chini yake nafasi ya tatu iliyoandikwa kwa Kikamba na mkono wa binti mwenyewe: siku atakayorudi kuwasomea majibu. Katika nyumba ile ya kwanza siku hiyo ilikuwa imekwisha jazwa.